Kanali Akabidhi Nyumba

Kanali Nashon Sifuna alistaafu jeshi la majini mwaka jana akiwa na vita viwili kifuani, na usimkaribishe chai kama huna muda wa kuvisikiliza. Vya kwanza maharamia, vya pili pwani ya Somalia. Yeye huviita Vita Vyangu vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Mkewe, Mwalimu Lornah, huguna tu na kuendelea kusahihisha madaftari. Lakini kijana wa Busia aanze kwa kusugua sitaha, aishie kuamuru manowari? Si mchezo, jamani.

Basi vita vya tatu vikamkuta kwake mtaani Woodley. Mama mkwe wake, Mama Veronicah, alikuja mjini akapasuliwa jicho, na daktari akakataza safari: atiwe dawa kila siku, la sivyo jicho litapotea. Lakini mila ni mila. Mama mkwe halali kwa mkwe wake, hata nyuso zao hazikutani. Bibi huyo mzee akakaa barazani na mkoba wake, akataka apelekwe kwenye basi la Busia.

Lornah alimbembeleza mamake mpaka mwenyewe akalia. Kanali, aliyejibanza nyuma ya gari kama mwizi wa kuku, aliona aibu. Hapo akakumbuka desturi ya melini: kapteni akishakabidhi meli, hana hata kitanda ndani yake. Akavaa kofia yake ya kazi, akampa Lornah funguo zote, akasimama langoni akiipa baraza mgongo.

“Mama,” akasema, macho barabarani, “nyumba hii si yangu tena. Ni ya binti yako. Mimi nalala Kangemi kwa binamu yangu Were.”

Bibi akaokota mkoba, akageukia mlango wa ndani.

“Asante, mkwe wangu. Lakini imekuwa yake siku zote. Watoto watatu wamezaliwa humu ukiwa baharini. Wewe ulikuwa ukija likizo.”

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Kule Kangemi Were alimwomba hadithi ya maharamia, Kanali akasema leo hana.

Jicho likapona, bibi akarudi Busia. Kanali akaja na begi lake, akasimama mlangoni, akapiga saluti, akaomba ruhusa ya kupanda, kama baharia anayeingia melini.

Lornah hakuinua macho kutoka kwenye madaftari. “Likizo ya siku ngapi?”

“Si likizo, Mwalimu. Ukinikubali, nimerudi.”

Lornah akasogeza madaftari, akamwachia kiti.