Mize wa Makunduchi na Chupa Zake Mbili za Maji

Simu imeingia kutoka Makunduchi, nikaambiwa Mize hatunaye tena. Nami nikamjibu mtoto wa watu, "Hebu mpe mwenyewe nizungumze naye." Akili imekataa kabisa. Hata sasa nnavyoandika hapa bado imekataa.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mwalimu Mize, kawasomesha nusu ya Makunduchi. Mimi namjua tangu tuko wasichana, miaka ya hamsini, tulipokuwa tunasomea ualimu hapa mjini. Vitanda vyetu bwenini vilikuwa vinagusana.

Mimi mtoto wa Mlandege, nimekulia kwenye makelele ya maduka. Yeye katoka shamba na lafudhi yake ya kusini, akifungua mdomo tu wenzetu wanacheka. Hakuibadilisha. "Waache wacheke," akinambia, "meno ni yao."

Mwaka wetu wa mwisho chuo kikatangaza mashindano. Kila mwanafunzi afanye utafiti wake, kisha aje autetee mbele ya majaji na wageni. Na kwa mara ya kwanza sisi wasichana tushindane na wavulana wa chuo chao. Mshindi atapelekwa Kampala akauwasilishe huko, abaki kusoma.

Kampala! Wakati huo sisi wa mjini safari yetu kubwa ni Bububu, hapo nje ya mji tu.

Mize hakusita kuchagua la kutafiti. Mdogo wake wa kiume alikufa kwa kuharisha, na watoto wengine wa jirani vilevile. Watu kwao wakasema ni jicho la husuda. Yeye akataka kujua walikunywa maji gani.

Likizo nikafuatana naye. Tukapita nyumba kwa nyumba, yeye anauliza, mimi naandika. Mnateka wapi? Mnachemsha? Nani kaumwa? Bibi mmoja akatufokea: "Nyinyi mmetumwa kuja kuhesabu maiti zetu?" Mize akakaa chini palepale mlangoni. "Bibi, na mmoja ni wetu." Yule bibi akaingia ndani, akatutolea mkeka.

Jibu likaja wazi. Walioumwa zaidi ni waliokuwa wakiteka kwenye shimo la wazi, lile ambalo ng'ombe nao wanakunywa. Wa kisima chenye ukuta, kidogo tu.

Kujizoeza kusema tulikwenda Mtoni, kwenye magofu ya kasri. Mimi nasimama mwisho kabisa, ndimi jaji. "Sikusikii!" nampigia kelele. Akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama kututazama. Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye mawe.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Kabla yake kijana mmoja alionesha chati za rangi za mikarafuu, akapigiwa makofi. Mize akapanda na chupa mbili za maji basi. Neno la kwanza tu, nyuma wakaanza kucheka ile lafudhi. Akasubiri wamalize.

Kisha akanyanyua chupa zote mbili. "Mnayaona haya? Yote maangavu. Ila ya mkono huu yamemuua ndugu yangu."

Wallahi, wale wale waliocheka wakainuka kuzitazama chupa.

Jaji mmoja akamuuliza, "Binti, haya si mambo ya daktari?"

"Ni yake, bwana. Lakini kwetu daktari haji. Anayekuja ni mwosha maiti."

Kashinda. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Furaha ile haikudumu hata wiki. Baba yake alikwishafariki, mwenye kauli ni ami yake, ndugu wa baba. Akaja chuoni mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, mtu mpole, sauti hakupandisha. "Mtoto wa kike hendi nchi za watu peke yake. Nitawajibu nini watu?" Mwalimu wetu mkuu akambembeleza. Mize akapiga magoti. "Ami, nakuomba."

"Mwanangu, umeshashinda. Si inatosha?"

Haikutosha. Akenda yule kijana wa mikarafuu, maana ndiye aliyekuwa wa pili. Mize alimpigia makofi mbele za watu, kisha akaja bwenini, akajifunika gubigubi, hakula.

Akarudi kwao kusomesha. Miaka ilipita akiwasihi watu lile shimo lijengewe ukuta lifunikwe, na mwisho likafunikwa. Wapo wazee leo wanapumua kwa sababu yake na wala hawajui. Watu huniambia, basi, si mambo yaliishia vizuri? Mimi sisemi hivyo. Nlimjua. Kile kichwa kilistahili Kampala na zaidi ya Kampala.

Alinieleza mara moja tu, tumeshakuwa na wajukuu, tunachagua mchele jikoni kwangu: "Mimi siililii safari. Nalilia maswali. Kule wangeniuliza nisiyoyajua, nikarudi kuyatafuta. Hapa kila mtu ananambia hongera tu."

Mwezi uliopita, wanafunzi wa chuo anachosoma mjukuu wangu wakaomba Mize aje kwenye maonesho yao ya utafiti, awaeleze kazi yake ile. Nikampigia.

"Nshazeeka mie, nije kufanya nini?"

"Uje uzungumze. Watakusikiliza."

"Na maswali watauliza?"

"Watauliza mpaka uwakimbie."

Jamani, alivyocheka! "Basi ntakuja. Nitengenezee pa kulala."

Kitanda nshakitandika. Maonesho ni wiki ijayo. Mize kazikwa leo baada ya Alasiri.

Inaniuma, Mize. Tumekuweka ukisubiri umri mzima, na tulipokuja kukuita tukawa tumechelewa.

Nenda, shoga yangu. Mola akupokee kwa rehema zake, akulaze pahala pema. Usingizi mwema, Mwalimu.