Damu Haijui Mkwe

Miaka ile ya kambi za mashamba ya karanga Nachingwea, trekta zilipokuwa zinang'oa pori kwa minyororo, watu waliumia sana. Mtu alitoka asubuhi mzima, jioni anarudishwa kwenye machela. Ndipo dresa mmoja, mfunga vidonda wa kambini, mtu wa bara, akaanza kuja kijijini kwetu, upande wa Nambambo, kutufundisha kuzuia damu. Alitukusanya wote: watoto wa shule, vijana, na vikongwe wenye ugoro puani.

Alikuja na paja la mbuzi alilolipitishia mrija wa mpira uliojaa maji mekundu. Akalikata, maji yakaruka. Vikongwe wakasema dawa yake ni utando wa buibui na majivu. Akawajibu kwa upole kwamba hayo ni ya michubuko. Damu inayoruka inataka kitambaa na mkono mzito juu yake, wala usifunue kuchungulia. Watoto walishika upesi kuliko sisi. Mdogo wangu alililalia lile paja kwa kifua mpaka watu wakacheka.

Kisha akatupanga wawili wawili tujaribiane, na mume wangu akajikuta amesimama mbele ya mama yangu. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Alilima shamba la mama, alikula cha mama, lakini usoni hakumtazama, na kumgusa ndiyo usiseme. Wakikutana njiani aliingia majanini kumpisha. Siku ile alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, na mama akajifunika kanga. Dresa akacheka, akasema damu haijui mkwe, akawapa watu wengine wa kujaribiana nao. Mimi sikucheka. Nilimwangalia mama, hofu ikaniingia, na sikujua nimwambie nani.

Msimu ule tulikuwa tunafyeka shamba la ufuta. Asubuhi moja nilikwenda mtoni kuchota maji, nikawaacha wao wawili, kila mmoja pembe yake, kama adabu inavyotaka. Wakati narudi nikamwona mume wangu anakuja mbio, kifua wazi. Akaniambia panga limeteleza kwenye kisiki, limemkata mama mguuni, damu inaruka.

"Umembana jeraha?" nikamuuliza.

"Amenikataza. Amesema, 'Usinisogelee, mkwe. Kaniitie mwanangu.' Nimemrushia shati langu."

Nilitupa mtungi nikakimbia. Mungu anisamehe, hasira yangu ilikuwa juu yao wote wawili na adabu yao. Mama alikuwa ameketi, ameegemea kile kisiki, shati amelishika kwa mikono isiyo na nguvu. Nililichukua, nikalikandamiza juu ya jeraha, nikaulalia ule mguu kwa uzito wangu wote, macho chini. Mume wangu alisimama mbali, ametupa mgongo. Nilimwambia mama avumilie. Nilimgombeza pia, nikamuuliza ni aibu gani hiyo ya mtu kuifia. Damu iliyokuwa ikipenya vidoleni mwangu ikapungua, halafu ikakatika. Nilifurahi. Nikamwita mume wangu aje tumbebe, damu imekatika.

Akaja. Akamtazama mama usoni, mara ya kwanza tangu anioe, kisha akapiga magoti, akanyoosha mkono, akamfumba macho.