Boma Juu ya Kisima

Boma la ng'ombe nililitafutia mahali mimi mwenyewe. Nililiweka upande wa juu wa kisima, hatua chache tu, kwa sababu sikutaka harufu ya mavi ifike jikoni. Kaka yangu aliuliza kama mvua haitashusha uchafu. Nikamcheka. Nilikuwa mwalimu wa sayansi hapa Marungu, na kila mwaka niliwaonyesha watoto maji ya tope yakipita kwenye chupa ya mchanga na kutoka safi.

Maji yetu yalikuwa safi kweli kweli kwa macho. Mke wa kaka, aliyeolewa kutoka Werugha, ndiye pekee aliyesema yana ladha. Nikamwambia huko kwao kwenye ukungu chemchemi zimewadekeza. Alipojifungua na maziwa yake yakakauka, akaanza kumkorogea mtoto maziwa ya unga, nami nikamsimamia jikoni.

"Wifi, maji si yamechemka tayari?"

"Chemsha tena. Huyo si ndama."

Aliyachemsha mpaka yakabaki nusu sufuria. Alinitii kila siku.

Mtoto hakuharisha hata mara moja. Aligeuka rangi tu, midomo kwanza, halafu kucha, kijivu cha kuelekea buluu. Alifia njiani tukimkimbiza hospitali Voi, akiwa na miezi miwili. Mama yangu alisema msichana yule ni mchafu, haoshi chupa. Siku mbili baada ya mazishi wifi alirudishwa kwao. Sikumtetea, nilimchukia kwa uchafu wake.

Kisha afisa wa maji, mtu wa bara, akaja na majibu ya kipimo cha maji ya kisima chetu. Mkojo na mavi ya boma, alisema, hutoa chumvi inayoyeyuka. Udongo wetu wa kichanga hushika tope, lakini kilichokwisha kuyeyuka huteremka na maji ya mvua hadi kisimani, kama chumvi ndani ya mchuzi. Kuchemsha hakuiondoi. Maji hupungua, yenyewe inabaki, inazidi ukali, na kwa mtoto mchanga huizuia damu kubeba hewa mpaka anageuka buluu.

Niliogopa, na woga ule ulikuwa mkubwa kuliko huzuni. Mama haelewi Kiswahili cha ofisini, akanigeukia nimtafsirie.

"Anasema nini?"

"Anasema kisima kimechafuka," nilimwambia kwa Kidawida.

"Si nilisema! Ni yule, na ndoo zake chafu."

Afisa alitutazama kwa upole, asielewe hata neno.

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Ni yeye."