Bibi Alivyokiri Makosa Yangu kwa Mwalimu wa Nasaha

Swali lilikuwa rahisi, na hadi leo naamini jibu langu halikuwa baya. Mwalimu wa ushauri nasaha alituita mmoja mmoja, sisi wa kidato cha nne, akituuliza tunajiona wapi baada ya miaka kumi. Karibu wenzangu wote walijiona madaktari. Mmoja alijiona rubani, ingawa hata kupanda juu ya dawati kubadilisha balbu kulimshinda. Mimi nilijiona Pongwe.

"Pongwe unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Nimekaa."

Nilimjibu kwa moyo mweupe. Shangazi yangu alikuwa amejenga kule, nje kidogo ya mji, nyumba yenye baraza pana linaloingiza upepo, na sikuwa nimepata kuona mahali panapomfaa zaidi mtu aliyemaliza shule. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta. Alikuwa mtu wa milimani, Lushoto huko, na sweta lile hakulivua hata siku ambazo joto la Tanga lilitufanya sisi wengine tujipepee kwa madaftari. Akasema itabidi azungumze na mlezi wangu.

Mlezi wangu alikuwa bibi, mzaa mama, niliyeishi naye Mabawa. Mwalimu alimpigia simu jioni ileile. Sijui alimwambia nini hasa, maana bibi akiwa kwenye simu huitikia "naam" hata asiposikia kitu. Alichokamata ni kwamba mwalimu wa nasaha anamwita shuleni kuhusu mustakabali wa mjukuu wake. Kwa bibi, nasaha hupewa mtu aliyekwisha kuharibikiwa. Aliiweka simu mkekani, akaniuliza nimefanya lipi. Nikasema sijafanya kitu. Jibu hilo lilimtisha zaidi.

Akamwita kaka yake kutoka Kigombe, babu yangu mdogo, mzee aliyesifika kwa kusuluhisha ndoa za watu. Akakaanga visheti. Siku ya miadi tulikwenda shule kama watu wanaopeleka posa: bibi mbele na buibui lake la shughuli, babu mdogo na kanzu iliyopigwa pasi ikakakamaa, na mimi nyuma nimebeba sahani ya visheti iliyofunikwa kawa.

Ofisi ya ushauri nasaha ilikuwa stoo ya maabara, kwa sababu vyumba vingine vyote vilikuwa vimejaa. Tukakaa katikati ya chupa za tindikali, na pembeni ilining'inia mifupa ya plastiki ya mwili mzima wa binadamu. Babu mdogo aliitazama mifupa ile, akaisalimia kwa sauti ya chini, kisha akahamisha kiti chake.

Mwalimu aliwaamkia shikamoo, wakamwitikia, akafungua kinywa aeleze alichowaitia. Bibi hakumpa nafasi.

"Mwalimu, mwanangu, usijichoshe. Yote tunayajua. Tumekuja kukiri."

Akaanza na achari. Alieleza kwamba ni kweli nauza achari za embe darasani kwenye kipindi cha hesabu, ila mtengenezaji ni yeye, kwa hiyo kama ni kosa basi tugawane. Akaisogeza sahani ya visheti mbele ya mwalimu. Mwalimu, ambaye hakuwa na habari ya achari yoyote, akachukua kisheti. Bibi akaingia kwenye homa iliyonilaza nyumbani siku ya mtihani wa majaribio. Alisema ilikuwa homa ya mpira, maana ilipona mara tu refa alipopuliza filimbi ya mwisho. Sahani ikasogea tena. Kila kosa lilipokwisha kutajwa, babu mdogo aliinua mkono na kusema, "Tumekosa, tunaomba radhi," kama anayeitikia dua. Nilimkanyaga bibi mguu chini ya meza ili anyamaze. Akanikataza kumkanyaga, tena kwa sauti ya kusikika na watu wote.

Kisha akafika kwenye sauti ya mkuu wa shule, na hapo mwalimu akaacha kutafuna.

Kulikuwa na asubuhi moja ambapo sauti nzito ya mkuu wa shule ilitokea nyuma ya vyoo, ikaamuru kila mtu apange mstari upesi. Shule nzima ilipanga mstari, walimu wakiwemo, wakasimama juani wakimngoja mkuu ambaye wakati huo alikuwa mkutanoni mjini. Mwalimu wa nasaha alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Ilikuwa wewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hebu ifanye."

Nilimtazama bibi. Akasema nitii, mwalimu ameshasema. Basi nikatunisha tumbo, nikaishusha sauti, nikatangaza kwamba muda wa kwenda nyumbani umefika, kengele igongwe, na asiyesikia aje ofisini kwangu. Stoo ile ilikuwa na dirisha lisilo na vioo, na chini yake alikuwa amekaa mlinzi. Alisimama, akaenda kugonga kengele. Mwalimu alipoufikia mlango, kidato cha kwanza walikuwa wameshafika getini na mabegi mgongoni.

"Tumekosa," alisema babu mdogo, "tunaomba radhi."

Mkuu wa shule mwenyewe alikuja akihema, walimu kadhaa nyuma yake. Alipoelezwa, alinipa eneo la kufyeka nyasi lililoanzia jikoni hadi uwanja wa mpira. Kisha akauliza kama kweli yeye huzungumza namna ile. Walimu wakatazama chupa za tindikali. Babu mdogo, aliyekuwa anamsikia kwa mara ya kwanza maishani, akamhakikishia kwamba ndivyo hasa.

Mkuu alipoondoka, mwalimu wa nasaha alipata nafasi ya kueleza kwamba aliwaita tu washauriane nini nisome nikifaulu. Bibi aliitazama sahani, ambayo haikuwa na kitu tena.

"Kwa hiyo hakuwa na makosa?"

"Sasa anayo, bibi."

Lakini mwalimu hakukasirika. Alisema mtu mwenye koo kama langu asome lugha, huenda utangazaji ukamfaa, na akawaeleza tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Bibi aliafiki. Babu mdogo akauliza kama haiwezekani kuongezewa herufi moja au mbili, kwa kuwa kijana bado anakua.

Nilifaulu, nikasoma herufi zangu tatu, nikaenda chuo. Leo nasoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya hapa mjini. Siku yangu ya kwanza hewani bibi alikusanya majirani barazani wanisikilize, na nilipomaliza akanipigia simu. Alisema sauti ni nzuri, ila nasoma mbio mno, na marehemu hana haraka. Tangu siku hiyo nasoma polepole, na bosi wangu analalamika kwamba marehemu wanakula muda wa matangazo ya biashara.