Mshono wa Mkono wa Kushoto

Sabaha binti Bushiri alikuwa akimjua dereva kabla hajamwona. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha gari, akapapasa sponji, kisha akakwambia: huyu ni mnene, hukaa upande, na mguu wa kulia unamsumbua. Kazi ya kushona viti aliirithi kwa baba yake, aliyetoka Pangani zamani akahamia Mugumu, akayashonea malori ya pamba na magari ya watalii mpaka uzeeni. Kaka zake wawili waliikimbia kazi hiyo wakaenda kuuza simu. Watu walimcheka Sabaha: mwanamke gani huyu, kila ukimwona miguu iko nje ya gari na kichwa kiko chini ya kiti? Yeye akashona. Mzee Bushiri alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, madereva wa Mugumu walikuwa tayari hawaendi kwa fundi mwingine.

Ndiyo maana waandaaji wa maonyesho ya magari ya zamani, yaliyofanyika Julai iliyopita pale Morotonga, Mugumu, walimwomba awe mwamuzi. Mkuu wa waamuzi alikuwa Scholastica, mama mrefu kutoka Musoma asiyependa mzaha. Alimweleza Sabaha utaratibu asubuhi na mapema, magari yakiwa bado yanaingia uwanjani.

Magari hayashindanishwi ovyo, alisema. Kwanza yanatengwa kwa umri: yaliyoundwa kabla ya mwaka sitini, halafu ya sitini mpaka themanini. Ndani ya kila umri kuna makundi matatu. La kwanza ni magari ambayo hayajaguswa, yako kama yalivyotoka kiwandani, hata kama yamechakaa. La pili ni yaliyokarabatiwa yakarudishiwa hali yake ya mwanzo. La tatu ni yaliyobadilishwa, injini ya gari hili na viti vya gari lile.

"Mzee mwenye mvi zake humpimi pamoja na aliyepaka nywele dawa," Scholastica alisema. "Kila mmoja na kundi lake. Na wenye magari wanapenda kudanganya ili waingie kundi la kwanza. Viti ndivyo vinavyowaumbua. Kwa hiyo viti ni vyako."

Injini walimpa Sylvester, fundi mstaafu wa Mugumu.

Gari la saba lilikuwa Landrova ya mwaka sitini na nane, kijani kilichopauka. Mwenyewe alikuwa Wangwe, mfugaji wa Kerende, amevaa koti zito ingawa jua lilishapanda.

"Shikamoo, mzee," Sabaha alimwamkia.

"Marahaba, mama. Hili ni la kundi la kwanza. Limekaa bandani kwangu, halijaguswa na mtu."

Sylvester alifungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Boliti zote zilikuwa za kiwandani. Sabaha akaingia ndani. Viti vya mbele vilikuwa vizima. Benchi la nyuma yake lilikuwa na mpasuko katikati, sponji ikionekana. Alitoa futi kamba, akapima, akaandika kwenye fomu: mpasuko, inchi nane. Wakafunga milango, Wangwe akatia ufunguo mfukoni, wakaenda kwenye gari la nane.

Saa sita mchana, Scholastica alipita kuhakiki fomu. Akamwita Sabaha.

"Umeandika inchi nane. Mimi naona tano."

Sabaha alicheka kidogo, akaingia na futi kamba yake. Zilikuwa tano. Inchi tatu za mwanzo zilikuwa zimefumbwa kwa mshono mdogomdogo, uliolalia kushoto. Aliugusa uzi. Nta yake ilikuwa bado laini, kama uzi uliotoka kupakwa sasa hivi.

Kicheko kilimkatika mdomoni kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Mafundi wote aliowajua walishona kwa mkono wa kulia. Isipokuwa mmoja tu aliyeshona kwa kushoto, baba yake.

"Nani ameingia humu?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Wangwe. "Ufunguo ninao mimi."

Walifunga tena. Sabaha akasimama pembeni ya gari, mkono juu ya bati, macho kwenye kioo. Hakuona kitu. Alisikia tu, kwa mbali sana, sauti ya uzi ukivutwa kupita kwenye ngozi ya kiti. Walipofungua baada ya robo saa, mpasuko ulikuwa umebaki inchi mbili.

Sylvester alirudi nyuma hatua kadhaa, akasema ana gari lingine la kukagua, na hakuonekana tena upande huo.

"Mzee Wangwe," Sabaha alisema polepole, "gari hili lilishawahi kufika Mugumu?"

Wangwe alikaa juu ya bampa. "Mara moja. Nilimletea marehemu baba yako. Akapima benchi hilo, akaniambia, niachie, njoo Alhamisi. Jumatano tukasikia amefariki. Nikaja msibani, nikaondoka na gari langu, nikalifungia. Tangu siku hiyo halijarudi huku mpaka leo."

Scholastica aliwatazama wote wawili. Hakuuliza lililo nje ya kazi yake. "Limeshonwa," alisema. "Basi si la kundi la kwanza. Linakwenda la pili. Fomu ya kundi la pili inataka jina la fundi, na kazi iwe imekamilika."

Sabaha alipanda tena ndani ya gari, akafunga mlango, akajilaza sakafuni chini ya benchi. Alipokuwa msichana, hapo ndipo palipokuwa pake: baba juu akichoma sindano, yeye chini akiipokea na kuirudisha. Alilala akiangalia turubai la chini la benchi.

"Baba," alinong'ona, "niko hapa."

Ncha ya sindano ikatokeza.

Mikono yake iliijua kazi. Aliipokea, akaivuta, akairudisha. Ikaja tena. Uzi ulikuwa na uvuguvugu. Hakuthubutu kuinua kichwa kutazama juu ya benchi, na hakulia. Alihesabu tu, kama alivyofundishwa, mpaka sindano ikaacha kuja.

Alipotoka, kanga yake imejaa vumbi, aliichukua fomu akaandika kwa herufi kubwa: Bushiri, fundi viti, Mugumu. Penye mwaka wa kazi akaandika mwaka huu.

Jioni Landrova ya Wangwe ilipata nafasi ya pili katika kundi la pili. Scholastica, aliyekuwa hajui desturi nyingine ila ya fomu, alilisoma jina la fundi kwenye kipaza sauti na kumwomba aje achukue cheti. Sabaha alibaki amesimama nyuma ya watu. Akaona mstari wa mbele ukipisha njia, mmoja huku, mmoja kule, bila kuambiwa na mtu, kama watu wanavyompisha mzee anayetembea taratibu.