Nasriya na Mshahara wa Doha

Nasriya binti Saeed aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa mtoto wa darasa la pili, Kiarabu chake kikiwa ni kile cha chuo cha Kurani tu. Wenzake skuli wakimcheka matamshi, naye akiwashinda kwa hesabu. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa amesharudi kutoka Glasgow na shahada ya uhandisi wa umeme, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha transfoma huko Rusayl. Alikuwa mwanamke peke yake katika karakana nzima. Mwanzoni mafundi wa Kihindi wakimpa kiti akae kando asichafuke. Baada ya mwaka walikuwa hawathubutu kuifunga transfoma mpaka aikague yeye.

Hapo kiwandani ndipo alipokutana na Aflah. Naye mhandisi, mwenye sura na maneno matamu, ila kazi ilikuwa ikimwelemea. Mara nyingi Nasriya alimsahihishia michoro kabla haijafika kwa mkuu wao, na hakumwambia mtu. Wakaoana. Wakajenga nyumba mtaa wa Ghubra kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wa Nasriya, kwa kuwa wake ndio uliokuwa mkubwa. Wakapata Maan, kisha Aya. Bi Zakiya, mama yake Nasriya, mgonjwa wa figo, akahamia kwao. Majirani walimsifu Aflah kwamba ni mwanamume asiye na kinyongo, mke anamzidi cheo na yeye anacheka tu.

Mwaka 2004 Qatar ilikuwa ikijenga mitambo ya gesi na kutafuta wahandisi kila pembe. Mwingereza mmoja wa kampuni ya Doha alikuja Maskati kusaili watu hotelini. Nasriya alikwenda kwa kusukumwa na Khole, mwenzake wa ofisini. Haikupita wiki alipigiwa simu: kazi ni yake, na mshahara wake, ukiugeuza kwa riali za Oman, ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa Rusayl.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula, Aflah alikaa mezani na mashine ya hesabu.

"Tusilewe na nambari," alisema. "Mshahara si kile unachopewa, ni kile unachobaki nacho. Nyumba za Doha sasa hivi hazishikiki. Wenye nyumba wamepata wazimu."

"Labda kampuni inatoa nyumba. Yule bwana aliniambia ofisi yao itanieleza."

"Nimeshawauliza. Nna rafiki yangu pale. Hawatoi nyumba, hawatoi skuli. Toa kodi, toa ada za watoto wawili, toa matibabu ya mama, maana hapa anasafishwa figo bure, kule ni mgeni. Haya, tazama." Akamgeuzia ile mashine. "Unabakiwa na kidogo kuliko unachobakiwa nacho hapa. Uhamishe mgonjwa na watoto ili umtajirishe mwenye nyumba?"

Bi Zakiya alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. "Kwa ajili yangu usikatae, mwanangu."

"Si wewe, mama," Nasriya akamjibu. "Hesabu haikubali."

Alizirudia zile hesabu mwenyewe, akaona zimekaa sawa. Hakufikiri kuchunguza alikozitoa mumewe.

"Niachie mimi nimpigie huyo Mwingereza nimshukuru," Aflah akasema. "Wewe atakusumbua."

Ulipopita mwezi na siku kidogo, Aflah alirudi nyumbani na tikiti ya ndege. Amepata kazi Doha. Kampuni ile ile.

"Kazi yangu?" Nasriya akauliza.

"Nilipowapigia walinipenda. Riziki haina mwenyewe."

"Na kodi? Na zile hesabu zako?"

"Zile zilikuwa hesabu za watu watano. Mimi mwanamume, peke yangu, nitalala popote."

Akaondoka. Miezi ya mwanzo alituma pesa, kisha akawa anatuma nusu, kisha akawa anatuma sababu. "Maisha ya huku ghali, Nasriya. Hata nyanya hainunuliki." Alisema amepanga chumba na wanaume wengine watatu, kwa hiyo familia haiwezi kumtembelea. Lakini simu alipiga, karibu kila jioni, na nyingi zilikuwa za kazi. Mtambo fulani umekataa, kipimo fulani hakielekei. Nasriya akimweleza hatua kwa hatua, sikio limebana simu begani, mikono inamlisha mama yake. Asubuhi Aflah akipeleka jawabu ofisini.

Bi Zakiya alifariki mwaka 2006. Aflah hakuja. "Tikiti wiki hii zimepanda mno," alisema. "Nisomeeni khitma, na mimi nitasoma huku."

Siku za matanga zilipokwisha Nasriya akawachukua watoto, akapanda ndege. Kaka wa Khole, aliyekuwa akifanya kazi Doha na ameshaulizia anakokaa Aflah, aliwapokea, akawafikisha kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye bustani. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye mimba kubwa.

"Karibuni," alisema kwa Kiswahili alipowasikia watoto wakizungumza. "Mmetoka nyumbani? Mimi Fajr, kwetu Maskati, Darsait. Mnamtaka Aflah? Yuko kazini."

Aliwakalisha, akawamiminia sharubati, furaha ya kuona watu wa kwao imemjaa. Nasriya akamwambia nyumba yao nzuri, kodi yake lazima iwe kubwa.

"Wallahi hatulipi kitu, dada. Nyumba ya kampuni. Na huyu akizaliwa akafika umri wa skuli, ada pia watalipa wao. Matibabu bure. Wewe ni nani wake Aflah?"

"Mkewe."

Fajr akaweka jagi chini. "Aliniambia mmeachana."

Walikuwa bado wamekaa hivyo Aflah alipoingia. Aliwatazama watoto, kisha akamtazama Nasriya.

"Umekuja bila ya kuniambia?"

"Ulinidanganya, Aflah. Nyumba, skuli, yote."

"Rusayl miaka kumi na zaidi nimekuwa mume wa Nasriya," alisema, bila kupandisha sauti. "Ulitaka nije niwe mume wa Nasriya na huku?"

Aya, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa amekwenda kuchungulia vyumba. Akarudi kuuliza chumba chao ni kipi.

Nasriya alidai talaka. Aflah akakataa kuitoa bure. Ajikomboe, alisema, arudishe mahari na aache fungu lake katika nyumba ya Ghubra. Khole alimsihi apigane, nyumba ni jasho lake. Lakini kesi ilikuwa ikivutwa mwaka wa pili, na kila kikao Aflah hakutokea. Mwishowe Nasriya akatia saini. Akapanga fleti ya vyumba viwili Darsait, juu ya gereji, na ule mkopo wa nyumba ukaendelea kukatwa kwenye mshahara wake.

Mwaka 2008 yule Mwingereza alikuja tena Maskati kusaili watu. Nasriya alikwenda. Yule bwana alishtuka kumwona.

"Umepona?" alimuuliza.

"Nilikuwa naumwa nini?"

"Mumeo alituambia akili yako imeharibika, hutafanya kazi tena, na kwamba anatafuta mshahara wa kukutibia. Tulimhurumia. Na hatukujuta, miaka miwili ya mwanzo alikuwa hodari kweli. Swali lolote gumu, jawabu lake liko mezani asubuhi. Siku hizi amepungua."

Nasriya alimweleza ukweli wote. Yule bwana alisikiliza, akasema inasikitisha, akaahidi kumpigia mwanzo wa mwaka. Mwanzo wa mwaka dunia ilikuwa imeshaingia kwenye msukosuko wa fedha na kampuni ikasimamisha ajira mpya. Hakupiga. Aflah, aliyekwisha kuajiriwa, aliongezwa mshahara.

Kiangazi hicho Maan, kijana wa miaka kumi na sita, alimjia mama yake jikoni.

"Nataka kwenda kwa Baba. Skuli za kule nzuri, na kampuni inalipa."

"Na mimi na Aya?"

"Baba anasema nafasi ya kwenda ulipewa wewe kwanza, ukaogopa."

Nasriya alimweleza yaliyotokea, yote, tangu ile Ijumaa. Maan alisikiliza huku anachezea simu yake mpya aliyotumiwa na baba yake.

"Hizo hesabu uliziangalia mwenyewe lakini," alisema.

Nasriya alimpeleka uwanja wa ndege wa Seeb asubuhi, kisha akaenda kazini, kulikuwa na mzigo wa kukaguliwa kabla ya adhuhuri. Mwaka uliofuata Maan alikuja likizo pamoja na baba yake, Fajr na mtoto wao. Walifikia kwenye nyumba ya Ghubra. Darsait kwa mama yake Maan alikuja mara moja, akala chakula cha mchana, akasema fleti ina joto, akaomba arudishwe mapema.