Taa Nane za Mama Veneranda

Pale Uyole, ukiulizia fundi umeme, watu watakuelekeza kwa Bupe, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mitatu. Alianza na ushonaji. Siku moja cherehani ikamgomea, akaifungua mwenyewe, akaitengeneza, na hamu ya vitambaa ikamwishia palepale.

Mwezi wa saba mwaka jana, baridi ikiwa ya kupasua midomo, Mama Veneranda, mwalimu mstaafu, alimpigia simu akiwa amekasirika. Bupe ndiye aliyemfungia sebuleni taa nane za kuzama kwenye dari ya jipsamu. Sasa zilikuwa zikijizima zenyewe, zinawaka, zinajizima tena.

"Bupe, umenifungia taa feki!"

"Shikamoo, mama. Nakuja sasa hivi."

Alimkuta yupo na Yotamu, seremala aliyetandaza pamba ya kioo juu ya dari wiki moja kabla, ili mama mzazi wa mwalimu huyo, bibi wa miaka tisini, asiteseke na baridi.

"Kazi yangu haina kasoro," Yotamu alisema. "Joto halitoki hata chembe."

Bupe hakubishana. Alizima umeme, akafunga kitambaa puani, akapanda darini, akatambaa juu ya mbao. Pamba ilikuwa imetandazwa vizuri sana, mpaka juu ya migongo ya taa. Aliifunua taa ya kwanza. Ubao wa jirani ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Yotamu, njoo uone."

Seremala alipanda, akaugusa ubao.

"Taa hizi zinapoa kwa mgongo," Bupe alimwambia. "Umezifunika. Zinajizima ili zisiungue."

Pamba hakuiondoa, maana bibi aliihitaji. Alikwenda kwa fundi bati, akachongewa maboksi manane yasiyo na mfuniko, kila moja likiacha nafasi ya vidole vinne kuizunguka taa. Yeye na Yotamu waliyafunga darini, pamba ikabaki nje ya maboksi.

Saa tisa waliwasha. Walikunywa chai, wakapiga soga, macho juu. Hadi saa kumi na mbili hakuna iliyozimika.

"Nilikusema vibaya, mwanangu," Mama Veneranda alisema. "Nisamehe."

Bibi, aliyekaa nao sebuleni, aliteremsha blanketi kutoka mabegani. "Ndaga fijo," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Huyu ni binti wa nani?"

"Wa Gwakisa, wa Tukuyu," Bupe alijibu, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.